Mtoko wa Wawili: Ngazi za Ngome Kongwe na maneno yaliyokwama

 Nina swali, na ulijibu kimoyomoyo tu, mwenzio asisikie. Mara ya mwisho nyinyi wawili kutoka, mkakaa mahali zaidi ya saa moja bila simu, bila runinga na bila rafiki wa tatu, ilikuwa lini? Usihesabu harusi ya jirani. Usihesabu na ile siku mliyokwenda kununua friji.

Nauliza kwa sababu barua nyingi za safu hii zinaanza na maneno yaleyale: "Dada, siku hizi hatuongei." Hawa si watu wenye ugomvi mkubwa. Wana kazi nzuri, nyumba ya kupanga yenye maji, pengine na gari la mkopo linalotembea. Usiku ukifika wanalala kitanda kimoja, kila mtu na mwanga wa simu yake usoni. Wanazungumza, ndiyo, lakini mazungumzo yenyewe ni luku imeisha, gesi imeisha, ada imefika.

Basi mwezi huu sikuletei hoteli mpya wala kiwanja cha nyama choma. Nakupeleka Unguja, Mji Mkongwe, kwenye kipande kidogo cha ardhi ambacho unaweza kukizunguka chote kwa dakika ishirini: Ngome Kongwe na bustani ya Forodhani iliyo mbele yake. Safari ninayoisimulia ni ya Agosti 2023. Nimeikalia makusudi mpaka leo. Tulichoamua kule nilitaka kwanza nikione kama kinatembea, ndipo nikupe na wewe.

JENGO LENYE KAZI NYINGI

Ukishuka kwenye boti kutoka Dar, ukaufuata ufukwe kwa miguu kuelekea kusini, huwezi kuikosa. Ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye rangi ya kahawia iliyochujuka, na minara ya duara kwenye pembe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno kwenye pwani hii mwaka 1698. Hapo walipoijenga palikuwa na kanisa la Wareno, na mpaka leo mabaki ya kanisa hilo yamo ndani ya kuta. Yaani kuanzia msingi tu, jengo hili limeanza kwa kurithi jengo lingine.

Sasa sikiliza safari yake, maana inachekesha na inatisha kwa pamoja. Ilianza kama ngome ya vita. Miaka ya 1800 ikawa jela, na waliohukumiwa kifo waliuawa hadharani nje ya ukuta wa mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, ile reli ndogo ya kwenda Bububu ilipokuwa inajengwa, ngome ikawa bohari la vifaa vya reli. Mwaka 1949 ikakarabatiwa, na uwanja wake ukawa wa akina mama wa klabu ya tenisi. Ebu fikiria: mahali walipofungwa watu, mabibi wanapiga mipira kwa sketi nyeupe! Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikakaa tu, haina kazi ya maana.

Mwaka 1994 likajengwa jukwaa la wazi ndani ya ua, lenye ngazi za kukalia zilizopangwa nusu duara. Hapo ndipo maisha mapya yalipoanza. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ambalo wengi tunalijua kwa jina la ZIFF, lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, na filamu zikawa zinaonyeshwa humo ndani usiku, juu mbingu tupu. Mwaka 2004 likaja Sauti za Busara, na kwa miaka mingi mwezi wa Februari ngome hii imekuwa haina pa kutia mguu. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, aliimba humo akiwa bibi kizee, na vijana waliokuja kwa ajili ya bongo fleva walibaki midomo wazi.

Lakini mimi nakushauri usingoje tamasha. Nenda siku ya kawaida, saa tisa alasiri. Utakuta wachoraji wametandaza picha za Tingatinga, kuna wanaouza kanga, viungo na vinyago, paka wamelala kwenye kivuli, na kwenye jukwaa pengine vijana wanafanya mazoezi ya ngoma hawana habari na wewe. Siku tuliyokwenda sisi walikuwa kundi la vijana kama kumi, wanarudia hatua moja ileile. Kila wakikosea, mwalimu wao anapiga kofi moja, wanaanza upya. Tuliwatazama mpaka na sisi tukaijua ile hatua.

BUSTANI YA MBELE

Ukitoka ngomeni ukavuka barabara, uko Forodhani. Jina lenyewe linakwambia palikuwa pa nini: hapa ndipo ilipokuwa forodha, mizigo ya meli ikishushwa na kutozwa ushuru, kabla bandari haijahamia Malindi. Bustani ilitengenezwa mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub katika kiti, na wenyewe waliiita bustani ya Jubilii. Kile kibanda cha duara cha wapiga bendi ni cha zamani hizo.

Ilifika mahali ikachoka. Waliokwenda miaka ile kabla ya ukarabati wanakumbuka vumbi, moshi na taa za kubahatisha. Kuanzia 2008 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaifanyia matengenezo makubwa, na Julai 2009 ikafunguliwa upya: njia za kupitia, majani, taa, ukuta wa bahari ulioimarishwa, na mahali maalumu pa wauza chakula. Jambo lililonifurahisha ni kwamba haikuzungushiwa uzio ikawa ya wageni tu. Jioni wenyeji wamo: bibi na wajukuu, vijana wa madrasa, wachumba wanaokaa na nafasi ya heshima katikati, na wale vijana wanaopiga makachu. Kama hujui makachu, ni kule kuruka baharini kutoka ukutani kwa sarakasi, mmoja baada ya mwingine, hali watu wanashangilia. Jua likizama pale, hata mtu mwenye deni anasahau kidogo.

TULICHOKWENDA NACHO

Sasa nikwambie kwa nini tulikwenda.

Juni mwaka ule mume wangu, Baba Nuru, alipata barua ya uhamisho. Ofisi yake ilikuwa inamalizia kuhamia Dodoma, na safari hii jina lake lilikuwemo kwenye orodha. Sisi tulikuwa Tabata. Tuna mtoto mmoja, Nuru, wakati huo miaka minne. Mama yangu mzazi anaishi nasi, ana presha na sukari, na kliniki yake ni hapohapo Dar ambako daktari anamjua kwa jina. Mimi mwenyewe nina kazi ambayo nimeipigania miaka saba.

Unadhani tulikaa tukaizungumza ile barua? Wapi! Iliwekwa juu ya kabati, chini ya albamu ya harusi. Miezi miwili tukawa tunaizunguka kama nyoka aliyeingia ndani. Yeye akisema, "Itabidi tuone," mimi nasema, "Ehe, tutaona." Mama yangu naye, mtu mzima haambiwi tazama, akawa anajifanya amelala mapema ili sisi tupate nafasi. Nafasi tukaipata, tukaangalia taarifa ya habari.

Dada wa Baba Nuru ndiye aliyetusukuma. Wifi yangu huyo anaishi Michenzani, akatwambia kwa simu: "Mleteni mtoto kwangu, nyinyi wawili mkapunge upepo. Mna nyuso za matanga." Basi tukapanda boti ya asubuhi Jumamosi, Nuru akaachwa kwa shangazi yake, na saa tisa alasiri tukawa tumekaa kwenye zile ngazi za mawe, tunatazama vijana wakirudia hatua.

KWENYE NGAZI

Kwa nusu saa nzima hatukusema kitu cha maana. Baba Nuru alisoma kibao cha historia, akarudi, akasema, "Kumbe hili jumba limefanywa kila kitu. Kanisa, ngome, jela, stoo, tenisi." Nikamwambia, "Na sasa ngoma." Akanyamaza. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea: "Mimi naogopa ukibaki Dar utazoea kuishi bila mimi."

Jamani! Miezi miwili nilikuwa najua anakasirika kwa sababu sitaki kufungasha. Kumbe mwenzangu anaogopa.

Na mimi nikatoa la kwangu. Nikamwambia, "Mimi naogopa nikienda Dodoma nitakuwa naomba hela ya chumvi." Nimezoea kununua kitenge changu bila kumpigia mtu magoti. Nimezoea kumnunulia mama dawa bila kueleza bei. Hayo nilikuwa siyasemi kwa sababu nilihisi nikiyasema nitaonekana mke asiyemtaka mumewe. Akanitazama, akasema, "Mbona hukusema?" Nikamjibu, "Mbona na wewe?"

Hapo akapita mzee wa kahawa, na dele lake mkono mmoja na vikombe vikilia mkono wa pili. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mbona mmekaa kama mnaosubiri boti iliyokwisha kuondoka?"

Tukacheka. Akatumiminia, akatupa na kashata. Baba Nuru, ambaye kwa kawaida hamwambii mtu mambo ya nyumbani, akamwambia tu, "Mzee, tunaamua pa kuishi." Yule mzee akatazama zile kuta, akasema: "Hii nyumba kila aliyekuja kaipa kazi yake, nayo haina mdomo wa kukataa. Nyie mnayo midomo." Akachukua hela yake, akaondoka zake. Wala hakugeuka kuona kama tumeguswa.

Tulikaa pale mpaka wanafunga. Tukahamia Forodhani, tukala urojo na mishikaki ya pweza, tukanywa maji ya miwa yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, na hapo ndipo tulipoandika. Ndiyo, tuliandika, nyuma ya karatasi ya boti. Yalikuwa manne tu. Moja, yeye aende Dodoma, mimi, mama na Nuru tubaki Dar kwa mwaka mmoja, si zaidi bila kukaa tena. Mbili, mishahara yote miwili iandikwe wazi, na kodi ya nyumba ya pili itoke kwenye mfuko wa pamoja, isiwe siri ya mtu. Tatu, wikiendi mbili kila mwezi ni za kuonana, na msiba tu ndio unaovunja. Nne, suala la nani ahame lisijadiliwe kwa simu, hata tukikasirika vipi. Linafunguliwa Agosti, ana kwa ana, nje ya nyumba.

Wakati tunarudi kwa wifi tulipita mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, jirani kabisa na ngome. Lilikuwa limezungushiwa mabati. Sehemu yake kubwa pamoja na mnara iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Dalili zilikuwepo tangu zamani, maana mwaka 2012 kipande chake kilishaanguka. Majumba mawili yamesimama ubavu kwa ubavu, moja watu wanacheza ngoma ndani, jingine linainuliwa upya kwa gharama kubwa. Hatukusema kitu. Baba Nuru alinishika mkono tu, naye si mtu wa kushikana mikono barabarani.

MPAKA LEO IMEKUWAJE

Najua unataka kujua mwisho. Mwisho haujafika, mpenzi msomaji, na sikupambii.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Basi la Dodoma ni saa nane, wakati mwingine kumi. Baba Nuru alikuwa anafika Ijumaa usiku amevimba miguu, Jumapili anageuza. Nuru alianza kumwita "Baba wa Ijumaa", na siku aliposema hivyo mbele ya wageni, mwenzangu alitoka nje kidogo. Kodi mbili si mchezo: mpango wa kununua kiwanja ulisimama. Lakini ile karatasi ilitusaidia. Kila hasira ilipopanda kwenye simu, mmoja wetu alisema "Agosti", na tulibadilisha mazungumzo.

Julai 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza safari za Dar hadi Dodoma, ikawa ni saa nne tu au pungufu. Agosti tukakaa tena, safari hii Bagamoyo, tukaamua kuongeza mwaka. Agosti iliyofuata tukakaa tena. Sisi bado ni watu wa nyumba mbili. Mama ana kliniki yake, mimi nina kazi yangu, yeye ana yake. Si maisha ninayomwombea mtu, na kuna majirani wanaoamini tumeachana kimyakimya. Ila naweza kukwambia kwa uhakika mume wangu anaogopa nini na anataka nini, na yeye anajua langu. Mwaka 2023 tukiwa chumba kimoja hatukujua.

Wengine mtaniuliza: dada, hayo maneno si mngeyasema hata sebuleni? Pengine. Lakini sebuleni kuna mtoto, kuna mama, kuna luku. Na nyumbani kila mtu ana kiti chake cha kukasirikia. Ukikaa ugenini, kwenye jiwe ambalo si la mtu, mnatazama kitu kimoja mbele yenu badala ya kutazamana usoni, maneno magumu yanapata pa kutokea.

NA NYINYI MKITAKA KWENDA

Haya, kalamu na karatasi.

Kwanza, chagueni msimu. Februari na katikati ya mwaka ni nyakati za matamasha, Mji Mkongwe unajaa na bei za vyumba zinapanda. Ukitaka muziki, nenda wakati huo, lakini ulizia mapema tamasha linafanyikia wapi mwaka huo. Ukitaka kuongea, nenda siku za kawaida. Majengo haya ya zamani hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo ulizia kabla hujakata tiketi ya boti.

Pili, mavazi. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoishi, wanaoswali na kulea. Funika mabega na magoti, na mapenzi ya wazi yaache chumbani. Mwezi wa Ramadhani usile barabarani mchana. Chakula cha Forodhani utakikuta baada ya magharibi.

Tatu, chakula. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, si baada ya sahani kujaa. Pitia meza zote kwanza, angalia wapi wenyeji wamepanga foleni, kaa hapo. Urojo unatosha wawili, na kula sahani moja ni sehemu ya mtoko.

Nne, nunua kitu kwa mwenye mkono wake: picha, mkeka, hata kikombe cha kahawa. Mahali hapa panaishi kwa sababu kuna watu wanaofanya kazi ndani yake.

Tano, nendeni na jambo moja tu. Msibebe orodha ya makosa ya tangu uchumba. Jambo moja, lile mlilolificha juu ya kabati.

Na kama Unguja ni mbali kwa mfuko wa mwezi huu, msijali. Walioko Dar wana Kijiji cha Makumbusho na Nafasi Art Space ya Mikocheni. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa na ufukwe wake. Wenzetu wa Mombasa wana Fort Jesus, ambayo nayo ilikuwa jela mpaka 1958, na leo wapenzi wanapiga picha kwenye kuta zake. Kila mji una jengo la zamani lililopewa kazi mpya. Tafuteni la kwenu, mkae, simu ziwe kwenye mkoba.

Mkienda, niandikieni. Semeni mlikaa wapi na nani alianza kusema. Barua nzuri nitazichapa hapahapa, bila majina. Mwezi ujao tutazungumzia wakwe na pesa ya mchango, kwa hiyo jiandaeni kubishana.

Mpaka hapo, pendaneni.